Dripu Aliyotundikiwa Asiyeihitaji

Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikifuatilia usalama wa watoto katika utafiti mkubwa wa dripu iliamuru kazi isimame kabla ya kumalizika. Hospitali sita zilishiriki: nne za Uganda, moja ya Kilifi nchini Kenya, na moja ya hapa hapa mkoani Tanga, Hospitali Teule ya Muheza. Hadi siku hiyo walikuwa wameandikishwa watoto 3,141, wenye umri wa kuanzia miezi miwili hadi miaka 12. Walikuwa wamefika na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri: mikono na miguu imepoa, moyo unakwenda mbio, ukucha ukibinywa weupe unachelewa kuondoka.

Wote walitibiwa ugonjwa wao, na wote walipewa maji ya kawaida ya kuwashikilia. Tofauti ilikuwa moja tu. Makundi mawili yaliongezewa maji ya haraka mshipani, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya mtoto, kundi moja maji ya chumvi na jingine maji yenye albumini, protini ya damu. Kundi la tatu halikuongezewa. Mafunzo ya tiba ya wakati ule yangekwambia uwaonee huruma wa kundi la tatu. Ndani ya saa 48, katika kila watoto mia waliopewa maji ya haraka walifariki kati ya 10 na 11. Wasiopewa, walifariki 7.3 kwa mia. Yaani katika kila watoto mia moja, karibu watatu wa ziada waliondoka kwa sababu ya kitu ambacho kila mmoja aliyekuwa wodini alikiona ni msaada.

Aliyekosea hapo ni nani? Hakuna. Kanula, kile kimrija cha mshipani, iliingia vizuri, maji yalikuwa safi, kipimo kilipigwa kwa uzito, muuguzi alikaa pembeni akihesabu matone. Ndiyo maana utafiti ule unapaswa kuwa mwanzo wa kila mjadala wa madhara ya tiba nchini, badala ya kuanza, kama tulivyozoea, na mkasi uliosahaulika tumboni. Mkasi unakera, unaingia gazetini, una mtu wa kunyooshewa kidole. Lakini madhara mengi yanayotokea kati ya Raskazone mjini Tanga na zahanati ya mwisho ya Handeni hayana mkasi. Yana mazoea ambayo hakuna anayeyauliza swali.

Maelezo ya baadaye ya watafiti yalikuwa ya kushangaza zaidi. Wengi walidhani watoto walizama kwa maji kujaa mapafuni. Walipopitia vifo kimoja kimoja waliona kwamba waliozidi kufa ni wale ambao moyo na mzunguko wa damu uliporomoka, mara nyingi baada ya saa za kwanza ambazo mtoto alionekana kupata nafuu. Hapo pana fundisho gumu kwa daktari yeyote: mgonjwa anaweza kuchangamka mbele ya macho yako kwa tiba ileile inayomsogeza kwenye kifo. Macho hayatoshi. Inabidi kuhesabu.

Shirika la Afya Duniani lilibadilisha maelekezo yake. Mwaka 2016 lilisisitiza kwamba mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za mzunguko hafifu asipewe maji ya haraka. Apewe yule mwenye dalili zote tatu kwa pamoja, yaani viungo vya baridi, mapigo dhaifu yanayokwenda mbio, na ukucha unaochukua zaidi ya sekunde tatu kurudisha rangi, tena apewe mililita 10 hadi 20 kwa kilo ndani ya dakika 30 hadi 60 huku akiangaliwa. Mtoto wa kuhara aliyekauka maji ni habari nyingine kabisa. Utafiti wa Muheza haukumhusisha, na yeye maji ndiyo dawa yake: ORS na zinki kama anaweza kunywa, mshipani kama amezidiwa. Hili lazima lisemwe wazi, maana nusu ya habari hugeuka sumu haraka sana kwenye makundi ya simu.

Kuna jambo la kuuma hapa. Wodi zilezile za Muheza zilishiriki pia katika utafiti uliolinganisha atesuneti na kwinini kwa watoto wa Afrika wenye malaria kali, watoto 5,425 katika nchi tisa, matokeo yakatoka mwaka 2010: waliopewa atesuneti walifariki 8.5 kwa mia, waliopewa kwinini 10.9. Atesuneti ikaingia kwenye mwongozo, ikanunuliwa, leo ipo hadi vituo vya afya. Angalia basi uzito wa kila tafiti. Atesuneti iliokoa kama watoto wawili na kitu kwa kila mia. Kuacha maji ya haraka kuliokoa karibu watatu. Lakini ushahidi unaoongeza dawa hupokelewa kwa shangwe, na ushahidi unaoondoa dawa hupokelewa kwa kusuasua. Hakuna kampuni inayomtuma mwakilishi na kalamu za bure kuja kuuza kutotundika dripu.

Na wateja nao wamo. Nenda zahanati yoyote ya binafsi Ngamiani au Makorora saa mbili usiku, utamkuta mtu mzima aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe amejilaza, mfuko unaning'inia msumarini. Analalamika uchovu. Kaomba dripu, na kama ana hela kidogo kaomba ile ya njano, ambayo ni dripu iliyochanganywa vitamini ikabadilika rangi. Ukimweleza kwamba hana haja nayo, kesho atasema daktari yule hajui kazi. Mama anayelaza mtoto atamwuliza muuguzi, "Dada, toka asubuhi mwanangu hajawekewa hata dripu, mmemsahau?" Kwake dripu ni ushahidi kwamba hospitali imeshughulika.

Basi tuifungue hiyo dripu tuone kilichomo. Mfuko wa nusu lita wa maji ya chumvi ya asilimia 0.9 una chumvi gramu 4.5, pungufu ya kijiko cha chai. Mfuko wa nusu lita wa sukari ya asilimia 5 una sukari gramu 25, nguvu yake haifiki ile ya chapati moja. Mtu anayeweza kumeza, asiyetapika, anapata yote hayo na zaidi kwa chai na chapati, bila tundu mkononi. Tundu hilo si kitu kidogo. Kanula ni njia iliyo wazi kutoka kwenye ngozi hadi ndani ya damu. Ikiwekwa kwa mikono isiyooshwa, au ikiachwa siku nne kwa sababu tu hakuna aliyeandika iondolewe, mshipa unavimba na kuuma, usaha unaanza, na vijidudu vinapata usafiri wa bure. Mgonjwa wa moyo au wa figo aliyetundikiwa lita mbili kwa ajili ya "kuongeza nguvu" anaweza kuanza kuhema usiku ule ule.

Kwa mtoto hatari iko kwenye hesabu, na hesabu yenyewe inafaa kuonwa kwa karibu. Chukua mtoto wa kilo 10 anayehitaji maji ya kumshikilia, mililita 4 kwa kilo kwa saa, yaani mililita 40 kwa saa. Seti ya kawaida ya dripu hutoa matone 20 kwa mililita moja. Arobaini mara 20, gawa kwa dakika 60, unapata matone 13 kwa dakika. Seti ya matone madogo, ile ya watoto, hutoa matone 60 kwa mililita, kwa hiyo mtoto huyo huyo anahitaji matone 40 kwa dakika. Sasa seti za watoto zimekwisha stoo, imetumika ya wakubwa, na muuguzi wa zamu ya usiku amezoea namba 40. Anahesabu matone 40, anaacha kigurudumu cha kurekebishia matone hapo, anakwenda kwa mgonjwa mwingine, maana yuko peke yake na wodi imejaa. Mtoto anapokea mililita 120 kwa saa, mara tatu ya alichoandikiwa. Mfuko wa nusu lita uliopaswa kuchukua saa 12 na nusu unaisha kwa saa nne na dakika kumi.

Nani wa kulaumiwa, muuguzi? Ukimfukuza, seti zitabaki zilezile. Dawa ya kosa hili ni ya kijinga kwa urahisi wake: kama hakuna bureti ya kupimia, mwaga maji ya ziada kabla ya kutundika, uache yale tu ya saa mbili, mililita 80. Hapo hata kigurudumu kikilegea mtoto hawezi kuingiza zaidi ya hizo 80. Halafu andika kwa kalamu kwenye plasta juu ya mfuko: saa ya kuanza, saa ya kuisha, matone mangapi, seti ya ngapi. Wodi inayofanya hivyo haina haja ya kumwomba Mungu kwamba usiku wa leo aliye zamu awe mwangalifu.

Makosa ya vipimo vya sindano yana tabia hiyo hiyo: yana umbo, yanajirudia, yanatabirika. Atesuneti yenyewe, dawa nzuri, ina mtego. Kichupa cha miligramu 60 kina unga. Kwanza unachanganya na mililita 1 ya bikaboneti, unatikisa hadi iwe angavu. Ukitaka kuchoma mshipani unaongeza mililita 5 za maji ya chumvi, inakuwa miligramu 10 katika kila mililita. Ukitaka kuchoma kwenye msuli unaongeza mililita 2 tu, inakuwa miligramu 20 katika kila mililita. Mtoto wa chini ya kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kilo, hivyo wa kilo 10 anahitaji 30: mililita 3 kwa mshipa, au mililita 1.5 kwa msuli. Mtu akikariri "mililita tatu" akachanganya kwa njia ya msuli, mtoto amepata mara mbili. Akikariri "moja na nusu" akachanganya kwa njia ya mshipa, mtoto amepata nusu ya dawa katika saa ambazo kila saa ina thamani. Dawa iliyochanganywa isipotumika ndani ya saa moja inamwagwa. Na baada ya sindano za saa 0, 12 na 24, mgonjwa akiweza kumeza lazima amalizie na mseto, dawa ya malaria ya kumeza, wa siku tatu. Hapa ndipo wengi huruhusiwa na karatasi ya "endelea na dawa nyumbani" isiyotaja ni dawa gani.

Jentamisini, antibayotiki ya sindano, kwa mtoto mchanga ni mbaya zaidi. Ampuli iliyozoeleka ni miligramu 80 katika mililita 2. Kichanga cha kilo 3 kinachopaswa kupata miligramu 5 kwa kilo kinahitaji miligramu 15, ambazo ni mililita 0.375. Bomba la mililita 5 lina vistari vya 0.2, kwa hiyo anayepima kwa bomba hilo anabahatisha, na kilichozidi kinakwenda kwenye figo na masikio ya mtoto. Ama utumie bomba la mililita 1, ama uongeze maji ya sindano mililita 6 juu ya zile 2, upate miligramu 10 kwa mililita, uvute mililita 1.5. Nukta ikihama mahali pake, 0.375 inageuka 3.75, na hiyo haipo ndani ya ampuli moja. Kwa hiyo kanuni ya wodini: ukijikuta unavunja ampuli ya pili kwa kichanga, weka bomba chini, mwite mwenzako, pigeni hesabu upya.

Potasiamu kloraidi isikae kwenye toroli moja na maji ya sindano. Ampuli zinafanana, na ikisukumwa mshipani bila kuzimuliwa inasimamisha moyo hapo hapo. Sindano ya msuli kwa mtoto mdogo ichomwe pajani upande wa nje, katikati, siyo kwenye tako. Ndani ya tako umepita mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu, na wapo watoto wengi Afrika Mashariki walioingia hospitali na homa wakatoka wakiburuta mguu, enzi za sindano za kwinini hasa. Oksitosini, dawa ya kuongeza uchungu, kwa mama anayejifungua ni ya dripu inayohesabiwa, kuanzia matone 10 kwa dakika kwa uniti 2.5 katika nusu lita, ikipandishwa kila baada ya nusu saa. Kumchoma kwenye msuli kabla mtoto hajatoka "ili awahi" ni kucheza na kupasuka kwa kizazi.

Chumba cha upasuaji kimepata bahati ya kuwa na orodha yake. Ile ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008 ina mambo 19 ya kutamkwa kwa sauti kabla ya ganzi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, moja ikiwa ya Ifakara, na vifo vikashuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa mia. Palipoharibika ni pale inapojazwa yote kwa mara moja mwishoni, kwa kalamu moja, na mtu mmoja, baada ya mgonjwa kushonwa. Karatasi inapendeza, kazi haikufanyika.

Turudi kwenye tiba isiyohitajika, maana hapo ndipo kwenye uzito. Mwaka 2002 na 2003 watafiti walikaa katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania, ukanda wetu huu, wakapitia wagonjwa 4,474 waliolazwa wakitibiwa malaria kali. Vijidudu vya malaria vilionekana kwa 2,062 tu, asilimia 46. Zaidi ya nusu walikuwa wanatibiwa ugonjwa wasiokuwa nao. Wenye malaria walifariki 6.9 kwa mia. Wasio na malaria walifariki 12.1. Karibu theluthi mbili ya hao wasio na malaria hawakupewa antibayotiki yoyote. Huenda walikuwa na nimonia, au maambukizi ya damu, au homa ya uti wa mgongo, wamelazwa kitandani, wanatibiwa malaria.

Dawa isiyohitajika basi haiishii kwenye madhara yake yenyewe. Inakalia kiti cha dawa iliyohitajika. Likishaandikwa jalada kwamba ni malaria, hakuna anayetafuta tena.

Kipimo cha haraka cha malaria kilikuja kutibu tatizo hilo, na kwa sehemu kubwa kimelitibu. Lakini kina masharti yanayovunjwa kila siku. Kinasomwa baada ya dakika 15 hadi 20. Kikisahaulika mezani hadi alasiri, mstari hafifu unaoonekana hauna maana. Na aina nyingi hubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa sababu kinachopimwa ni protini iliyoachwa na mdudu, hata kama mdudu mwenyewe amekufa zamani. Mtu anayemaliza mseto Jumatatu, akapata mafua Jumatatu ya pili, akapimwa, "bado ipo", akapewa mseto mwingine. Hapo inahitajika hadubini.

Jingine lililotokea ni kwamba malaria ilipoondoka mlangoni, wageni wawili waliingia dirishani: UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na taifodi. Sasa kila homa isiyo malaria ni hizo mbili. Utafiti wa watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara, uliochapishwa mwaka 2014, uliwapima kwa undani ambao zahanati haiwezi. Asilimia 70.5 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Bakteria walikuwa kwa asilimia 22. UTI ilikuwa asilimia 5.9, taifodi 3.7. Linganisha hizo na majibu ya maabara za mtaani, ambako ukitoka bila "UTI kidogo" unahisi umepunjwa.

Taifodi inasomwa kwa kipimo cha Widal, ambacho kinatafuta askari wa mwili walioandaliwa dhidi ya mdudu. Askari hao hubaki baada ya ugonjwa wa zamani, na huitikia wadudu wengine wa jamaa moja. Jibu moja la Widal, bila la pili la kulinganisha baada ya siku kadhaa, halithibitishi kitu. Kipimo cha kweli ni kuotesha damu. UTI nayo inasomwa kwa chembe chache za usaha kwenye mkojo uliochukuliwa bila mgonjwa kuelezwa ajisafishe na akinge wa katikati. Kutoka hapo mgonjwa anaandikiwa seftriaksoni, antibayotiki ya sindano, siku tano. Dawa hii Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la kutumiwa kwa uangalifu. Mtaani imekuwa sindano ya kwanza. Baadhi ya vichupa vyake huja na ampuli ya lidokeini ya kuchanganyia kwa ajili ya msuli, ili isiume. Mchanganyiko huo ukipelekwa mshipani ni hatari, na kosa hilo linasubiri kila mahali ambapo pakiti inafunguliwa kwa haraka. Mwisho wa safari ya seftriaksoni ovyo ovyo tunaujua: kichanga mwenye maambukizi ya damu ambaye dawa zote za wodini zinagonga mwamba.

Tusidhani ni hospitali tu. Mkononi mwa fundi wa kukata kimeo, au bibi wa kung'oa "meno ya plastiki", kuna fikra ileile: mtoto anahara, ana homa, lazima kitu kifanyike kinachoonekana. Kinachong'olewa ni vichipukizi vya meno halali, na jeraha ni mlango wa pepopunda. Daktari anayewacheka hao kisha akatundika dripu ya kumridhisha mama, yupo nao jahazi moja.

Kwa nini makosa hayapungui? Kwa sababu yanafichwa, na yanafichwa kwa sababu kuyasema hakulipi. Kosa likivuja, kiongozi anakuja na kamera, mtumishi anasimamishwa kupisha uchunguzi, watu wanapiga makofi. Wiki ijayo seti ya matone 20 inatundikwa tena. Waliobaki wamejifunza kitu kimoja, kutoandika. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wodi nayo ni hivyo hivyo. Uzembe wa kweli upo, mtu mlevi kazini, mtu anayedai rushwa huku mama anavuja damu, na huyo Baraza la Madaktari Tanganyika au Baraza la Uuguzi na Ukunga lina kazi naye. Lakini aliyehesabu vibaya saa kumi alfajiri akakiri saa hiyo hiyo na mtoto akawahiwa, huyo akiadhibiwa sawa na mlevi, hakuna atakayekiri tena. Kwa dawa zilizoleta madhara ipo fomu ya manjano ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na hata mgonjwa anaweza kutoa taarifa. Ni wangapi wameiona hiyo fomu ikiwa mezani na kalamu juu yake?

Kinachoweza kuanza kesho hakihitaji mfadhili. Mganga mfawidhi achukue majalada 20 ya wodi ya watoto kila mwezi, bila kuchagua, na kusoma vitu vichache: uzito umeandikwa kwa kilo au umekadiriwa? Hesabu ya dozi inaonekana? Dripu ina sababu na saa ya kuondolewa? Aliyepimwa malaria akawa hana, amepewa dawa ya malaria? Antibayotiki iliangaliwa tena baada ya saa 48 au iliendelea kwa mazoea? Asome matokeo mbele ya wote bila kutaja jina la mtu. Ataona mwenyewe wapi pa kuziba.

Mzazi naye ana haki ya kuuliza, kwa adabu tu: "Dokta, samahani, hii dawa imepigwa kwa uzito gani?" "Hakuna ya kunywa?" "Dripu hii inatoka saa ngapi?" Anayejua kazi yake hakasiriki. Na hapa pasieleweke vibaya: mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea asiamke, au anayehema kwa shida, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Atibiwe, na kama dripu ni yake, atundikiwe.

Yote hayo yataishia njiani kama malipo hayatabadilika. Kituo kinacholipwa kwa kila kipimo, kila sindano na kila mfuko, na kulipwa kidogo kwa dakika ishirini za daktari kusikiliza, kitauza sindano na mifuko. Huo ndio utaratibu ambao bima imeuzoea, na sheria ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023 ikitekelezwa kwa mtindo huohuo itapanua tu soko la dripu. Mfuko wa bima unaweza kuanza na jambo moja dogo: usilipe dripu ya mgonjwa aliyeingia na kutoka siku hiyo hiyo kwa miguu yake kama jalada halina sababu iliyoandikwa. Wenye zahanati watapiga kelele, na wana hoja, kwa sababu wengi wao dripu ndiyo inayolipa mshahara wa muuguzi na umeme wa jokofu la chanjo. Kwa hiyo siku malipo ya dripu yanapokatwa, ada ya kumwona daktari ipande siku hiyo hiyo, kwenye waraka huo huo.